Usukani Uliokataa Asubuhi

Nimestaafu, lakini simu yangu haijapata habari. Niko hapa Kingi kwenye shamba langu la maharagi, jembe mkononi, na ninyi mafundi mlioachiwa chumba cha mazoezi mnanipigia: "Mama Faida, usukani unavuta kushoto." "Mama Faida, manete ya gazi imekufa." Basi nimeona niandike mara moja yale niliyoyaona katika miaka yangu ya kuhudumia ndege isiyoruka, ili nipate kupalilia kwa amani. Habari za vyeo sitasema, kwa sababu nilianza nikiitwa fundi na nikamaliza nikiitwa fundi. Mishahara nayo tuiache, tusiharibu siku. Mkishasoma, mfungie haya humo chumbani, maana kuna mama mmoja wa Nyamitaba ambaye sitaki ayaone, na huko mbele mtaelewa kwa nini.

Nilianzia Walikale, tena kwenye fonie, ile redio ya kuitana. Kila asubuhi niliita viwanja vidogo vya msituni kuuliza kama mvua imenyesha, kama mawingu yamekaa chini, na kama mbuzi wameondolewa uwanjani. Mwenye kazi alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye maduka ya chumvi na sabuni na ndege mbili ndogo za kupeleka chumvi hiyo mahali ambapo lori linazama mpaka kwenye milango. Ni mtu wa misa ya kila siku na wa maneno machache, isipokuwa ukimgusia vijana aliowalipia shule ya urubani. Wa kwanza alirudi akiwa amegundua kwamba anaogopa kuwa juu. Wa pili alikuwa anatapika kabla ndege haijawashwa. "Miye nilinunua mbuzi ndani ya gunia," Papa Kambale alizoea kusema, "tena mbuzi mbili." Ndipo akaamua kwamba, kabla ya kumpeleka kijana yeyote shuleni, atamkalisha kwanza mbele ya ordinatere, ile kompyuta yenye programu ya kurusha ndege, ashike usukani na manete, ule mkono wa gazi, vyote vya kuigizia, tuione mikono yake.

Vifaa vikaja ndani ya sanduku moja na sabuni. Papa Kambale akaniambia, "Mama Faida, weye unajua nyuzi. Funga hii." Nikamwambia nyuzi za fonie na nyuzi za kitu hiki ni dunia mbili. Akajibu, "Zote ni nyuzi," akaenda zake misani.

Wa kwanza kukikalia kiti alikuwa Komanda Ilunga, rubani mzee aliyewahi kutua kwenye kila kipande cha ardhi kilichonyooka kati ya Masisi na Walikale, na kwenye vingine visivyonyooka. Bega lake la kulia lilikuwa limemkatalia kuruka tena, kwa hiyo Papa Kambale alimfanya mwalimu. Akakaa, akakohoa, akasukuma manete ya gazi mbele ili kuongeza nguvu ya mota. Mota ikazimika. Akairudisha nyuma, mota ikanguruma. Komanda akavua kofia, akaiweka mezani, akaitukana mashini ile kwa Kifaransa cha heshima sana, mpaka mpishi akadhani anasali. Hilo ndilo kosa la kwanza mtakalokutana nalo, wala halina uchawi. Mashini haijui mbele ni wapi, ni lazima uiambie. Fungua ukurasa wa mipangilio, tafuta mstari wa gazi, weka alama pale pa kugeuza, umemaliza. Sisi tulipoteza asubuhi nzima kwa sababu kila aliyeingia alitaka kwanza kutikisa waya.

Kesho yake ndege ikaanza kulalia upande wa kushoto peke yake. Komanda akasema ni upepo. Nikamkumbusha kwamba tuko ndani ya nyumba. Akasema ni upepo wa ndani ya mashini, maana programu inaigiza hata hali ya hewa. Tukazima huo upepo, ndege ikaendelea kulala kushoto. Nikaufungua usukani, nikaukagua, nikaufunga, na nikabaki na skrubu moja ambayo hadi leo sijui kwao ni wapi. Kumbe kijiti cha kuchezea michezo ya ordinatere, alichokileta siku moja mtoto wa Papa Kambale, kilikuwa bado kimechomekwa nyuma ya ordinatere, kimelala ubavu ndani ya kikapu cha mihogo. Mashini ilikuwa inasikiliza mabwana wawili, mmoja mezani na mwingine kikapuni, na wa kikapuni njo alikuwa na sauti kubwa. Kwa hiyo, wapenzi wangu, kabla ya kugusa skrubu yoyote, angalia kwanza nyaya zilizochomekwa, na usichokitumia kichomoe.

Mnaniuliza kila mara mchague usukani gani. Nitawaambia, ingawa najua mtanunua ule wenye taa nyingi. Kwanza pima meza. Sisi meza yetu ilichongwa na seremala wa Walikale ambaye hakuwahi kuuza ubao mwembamba maishani mwake, na vile vibano vya usukani vilipofika havikuweza hata kuuma ukingo wake. Komanda alikamata usukani, akavuta, usukani wote ukamjia kifuani. Ilibidi seremala arudi kuchonga chini ya meza, akinung'unika kwamba tunaidhalilisha. Usukani usiokazwa vizuri hauna faida, hata uwe wa bei ya ng'ombe.

Pili, shika usukani ule, uvute na uusukume taratibu sana, kidogo kidogo. Ukiona unang'ang'ania kisha unaruka, uache hapo hapo dukani. Fimbo inayoingia na kutoka iwe ya chuma, si ya plastiki. Tatu, uliza ndani kuna nini. Kuna zinazotumia kidude cha kusuguana, kinachohesabu umegeuza kiasi gani, na kuna zinazotumia sumaku, ambazo hazisuguani na kitu. Za sumaku zinadumu. Zile za kusuguana, hewa ya Walikale yenye maji inazila polepole, na utaona ndege inatetemeka ilhali mikono yako imetulia. Hapo pulizia dawa ya kusafishia umeme, geuza usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi, kisha upime upya. Kuhusu gazi, chagua manete inayofanana na ya ndege mtakayorusha kweli. Papa Kambale aliwahi kuletewa yenye manete sita, akafurahi sana. Komanda akamwuliza, "Papa, ndege yako iko na mota ngapi?" Akajibu moja. "Basi hizi zingine tano ni za kuvutia nini?" Zile tano zikawa mahali pa kutundikia funguo.

Komanda huyo njo aliyenifundisha kazi yenyewe. Nyuzi nilizijua, lakini mikono ya rubani sikuijua, na huwezi kutengeneza usukani kama hujui kinachotafutwa. Alikuwa anakaa nyuma ya mwanafunzi, kamwe si mbele, kwa sababu ya lile bega, na alikuwa na maneno yake. Kijana akiukaba usukani kwa mikono miwili, yeye husema, "Mukono moja inatosha. Ya pili iko na kazi ya gazi. Hapa si chukudu," akimaanisha kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili tunachobebea mizigo. Kuhusu namna ya kushika alisema, "Shika kama mutoto wa jirani. Usimwangushe, lakini usimukumbatie sana, mama yake anaangalia." Na kulikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka mpishi akaijua: ukiona kutua kumeharibika, sukuma gazi, rudi juu, uje tena. Kurudi juu si kuanguka. Anayeanguka ni yule anayelazimisha.

Baadaye Papa Kambale akahamisha chumba. Unyevu wa Walikale ulikuwa umemaliza vidude viwili, na panya walikuwa wameonja nyaya zilizobaki. Akatupandisha Karuba, kwenye nyumba yake ya milimani, penye ng'ombe, viazi, na baridi ya asubuhi inayokufanya uongee na chai yako. Ordinatere ikapanda na lori, na kipande cha mwisho cha njia meza ile nzito ikamaliziwa kwa chukudu, na mwenye chukudu akaniuliza kama ndani yake kuna maiti. Kule nikapata shida mpya, ya umeme wa jua. Wingu likipita, usukani unakatika kwa ordinatere kwa kitambo, ndege inabaki bila bwana. Dawa yake ni kuuchomeka moja kwa moja nyuma ya ordinatere, si kwenye kile kisanduku cha kugawia waya nyingi, na kuizuia ordinatere isijifanye inabana matumizi kwa kulaza ile milango inamochomekwa waya. Nawaandikia haya kwa sababu wiki jana mmenipigia kuhusu jambo hilo hilo, nanyi mnajijua.

Sasa niwaambie habari ya Riziki, maana hiyo njo kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifungua.

Riziki alikuja kutoka Nyamitaba, binti wa wakulima na wafugaji, amemaliza masomo, ana mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe tangu utotoni. Walikuja vijana kadhaa mwaka ule. Wengine waliondoka wenyewe, wengine Komanda aliwaaga kwa upole, akabaki yeye peke yake. Utaratibu ulikuwa huu: mwanafunzi anafanya mazoezi kwa majuma, kisha anapimwa na Komanda asubuhi tatu, kila asubuhi ya mtihani ikiwa mbali na nyingine. Anatakiwa kutua kwenye kiwanja kifupi cha Walikale, chenye miti huku na huku. Akitua hata asubuhi moja kati ya hizo tatu, Papa Kambale anamlipia shule ya urubani. Akishindwa zote, anarudi kwao.

Alasiri, Riziki alikuwa anatua hadi raha. Mimi nilikuwa naacha soda yangu nije kuangalia. Asubuhi ya mtihani wa kwanza, akachelewa kuinua pua ya ndege, magurudumu yakagonga, skrini ikawa nyekundu. Tukasema ni woga. Asubuhi ya pili ikawa vile vile: alivuta, ndege ikakawia, kisha ikaruka juu ghafla, ikashuka kwa tumbo mitini. Alasiri ya siku hiyo hiyo akatua mara nyingi mfululizo bila kosa.

Papa Kambale alikuwa amesimama mlangoni. Hakukasirika, na hapo njo nilipoogopa. Akasema, "Binti, ndege zangu zinaondoka asubui, mbele ya mawingu kushuka. Miye sihitaji piloti wa saa nane ya muchana. Bado moja. Ikikataa na hiyo, utaenda kusaidia baba yako, na hakuna ubaya."

Riziki akaitika, "Ndiyo, Papa." Alipotoka, nikamfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa hajalia, alikuwa anang'oa majani tu, moja baada ya lingine.

"Mama Faida," akaniambia, "weye hujue watu ya kwetu. Siku nilikuja huku, walinisindikiza na kicheko. Nikirudi, nitashuka ku lori pale sokoni, na wote batasema: ona, ndege imetua. Watasema hivyo mpaka nizeeke."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu nawajua watu wa sokoni na nilikuwa nawasikia kabisa. Kisha nikaona uso wake nikaacha. Nikamwahidi nitaifungua mashini ile hadi mfupa wa mwisho.

Nikaanza. Nikapima usukani upya: mzima. Nikabadilisha waya: hakuna tofauti. Nikaangalia kama kuna kijiti chochote kimelala kikapuni: hakuna. Nikaufungua mgongo nikakagua springi, nikasafisha, nikageuza, nikavuta. Ulikuwa laini kabisa. Kila nilichogusa kilikuwa kizima, na fundi hana adui mbaya kama kitu kizima kisichofanya kazi. Nikaanza na mimi kusema moyoni, labda kweli ni binti. Labda kuna watu wa asubuhi na watu wa alasiri.

Sasa angalieni jambo hili, mnaojiona werevu. Kila nilipofanya kazi hiyo, ilikuwa alasiri. Asubuhi zote nilikuwa kwenye fonie, ambayo nayo ilihamia Karuba, upande wa pili wa ua, naita msituni kuuliza mbuzi. Komanda anakaa nyuma ya mwanafunzi, usukani haugusi. Aliyeushika usukani ule kwenye baridi ya asubuhi alikuwa Riziki peke yake, na Riziki hakuwahi kulalamika.

Siku moja kabla ya mtihani wa tatu, betri ya fonie ilikataa, nikaenda chumbani mapema kuazima nyingine. Umande ulikuwa bado kwenye vioo. Nikapita karibu na meza, nikauvuta usukani hivi hivi, kwa mazoea ya mkono. Ukagoma. Nikaongeza nguvu, ukaendelea kugoma, kisha ukaniachia ghafla ukanipiga kwenye tumbo. Nilisimama pale na betri mkononi, nikaanza kucheka peke yangu, kicheko cha hasira.

Nikamwita Riziki. "Weye, hii usukani asubui iko hivi siku zote?"

"Ndiyo, Mama. Iko nzito."

"Na hukusema?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Komanda alifundisha kama hewa ya asubui iko nzito kuliko ya muchana. Nilizani njo hiyo."

Jamani. Mtoto alikuwa amesikiliza somo vizuri, na somo lenyewe ni la kweli. Nilimwambia aniletee bisibisi kabla sijasema neno ambalo Mama Faida hapaswi kusema.

Safari hii sikufungua mgongo. Nilitoa ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, mpaka mwisho wake wa ndani, ambako sikuwa nimefika kwa sababu alasiri ilikuwa haina kosa. Kwenye fimbo, kuanzia katikati hadi ndani, kulikuwa na ukoko wa rangi ya njano, mgumu kama mshumaa. Nikaukwangua kwa ukucha, nikaunusa. Mimi ni mtu wa Masisi, sihitaji maabara. Yalikuwa mafuta ya ng'ombe. Siagi ya nyumbani, ile ya kupigwa ndani ya kibuyu, tena iliyotengenezwa vizuri, na chumvi kidogo.

Mkitaka kuelewa, kumbukeni kwamba huku kwetu mlango ukilia, unapakwa mafuta ya ng'ombe. Kamba ya ngozi ikikauka, mafuta ya ng'ombe. Kisigino kikipasuka, hayo hayo. Ni kitu cha heshima, humpi mtu usiyempenda. Lakini Karuba alfajiri yanaganda, na jua likishapiga bati za chumba yanayeyuka, na usukani unakuwa laini kuliko siku ulipotoka kiwandani. Walikale, na lile joto, yasingeganda hata siku moja, na tusingejua kamwe.

"Nani amepaka hii?" nikauliza. Nilikuwa nimeshaanza kumfikiria mlinzi, maskini, na nilikuwa nimeshaandaa maneno yake.

Riziki alichukua fimbo, akanusa. Akafumba macho. "Ni ya kwetu," akasema.

Mama yake alikuwa amekuja kumtembelea kabla ya mtihani wa kwanza, akiwa na jibini na kopo la mafuta. Alikaa chumbani mchana mzima akimtazama binti yake akifanya mazoezi, na usukani siku zile ulikuwa unalia kila ukivutwa, maana gresi yake ya haki ilikuwa bado njiani kutoka Goma. Riziki alitoka kwenda kuchota maji. Aliporudi usukani haulii tena, na mama yake anapangusa vidole. Wala hakuuliza. Mama akiwa karibu, vitu huwa vinaacha kulia, nani anauliza?

Mimi nilikuwa tayari njiani kwenda kwa Papa Kambale na ile fimbo, nikiinua juu kama bendera. Riziki akanishika nguo kwa nyuma.

"Mama Faida, naomba. Usiseme."

"Nisiseme? Asubui mbili walikuangusha bure! Wanafaa kuzifuta, uanze upya."

"Mama yangu akijua kama ni yeye njo aliniangusha, hatakula tena. Weye humujue. Ng'ombe moja ilikufaka juu alisahau kufunga mulango, na mpaka leo anaomba musamaha ku ile ng'ombe. Kesho anakuja. Anataka kuniona. Nipe usukani safi. Ile asubui moja inanitosha."

Nikamwambia yeye ni mjinga. Nikamwambia anaweka shule nzima kwenye asubuhi moja kwa sababu ya kopo la siagi. Hakuiachia nguo yangu, na nikaona kwamba huyu hatabadilika. Nilikasirika, na nilimpenda, vyote kwa pamoja. Nikarudi kukaa.

Nikaiosha fimbo kwa petroli na mswaki wa zamani, nje, mbali na sigara ya mlinzi. Nikaifuta na kitambaa kisichoacha nyuzi. Nikapaka gresi nyeupe ya silikoni, ambayo kwa bahati ilikuwa imefika, kiasi cha punje ya mchele tu, nikaisambaza kwa kidole. Hayo mkumbuke: ukiona gresi kwa macho, umeshazidisha. Tena usipake mafuta ya kupikia, wala ya pikipiki, wala ya kitu chochote kilichowahi kula majani.

Asubuhi ya mtihani palikuwa na baridi ya kutosha. Papa Kambale alikuwa na koti lake la misa. Komanda alikuwa na vikombe viwili vya kahawa, vyote vyake. Mama Riziki alikuwa amefika na lori la maziwa, kitambaa kipya kichwani, kikapu magotini, amekaa kwenye benchi la ukutani bila kuegemea. Nami siku hiyo nilimwachia mtu mwingine fonie. Mbuzi wa msituni wangejisimamia.

Riziki akaruka vizuri. Akazunguka juu ya mto, akapanga kiwanja mbele yake, akapunguza gazi. Miti ikaanza kukua pande zote mbili. Nilikuwa naangalia mkono wake wa kushoto, si skrini, na niliona kile nilichokuwa naogopa. Usukani ulikuwa mwepesi, lakini mkono wake ulikuwa umejiandaa kwa uzito wa asubuhi. Akavuta kwa nguvu ile ya zamani. Ndege ikapiga pua juu, ikapaa juu ya kiwanja, ikaanza kupoteza mwendo.

Papa Kambale akashusha pumzi, akaanza kufunga vifungo vya koti.

Lakini Riziki hakulazimisha. Mkono wa kulia ukasukuma manete mbele, mota ikanguruma, akaishusha pua kidogo, akaiacha ndege ikusanye mwendo, akarudi juu ya miti. Komanda, nyuma yake, akaweka kikombe chini. Niliona midomo yake ikitamka ile sheria.

Akazunguka tena. Safari hii, kabla ya kufika, alikung'uta mkono wa kushoto mara moja, kama anayekung'uta maji, akaushika usukani kwa vidole. Mtoto wa jirani. Akapunguza gazi, akasubiri, akasubiri, mimi nikataka kumvutia mwenyewe, ndipo akainua pua kidogo tu. Magurudumu yakagusa, tukasikia ule mlio mdogo wa spika, na ndege ikakimbia katikati ya kiwanja hadi ikasimama.

Komanda ndiye aliyeanza. "Umetua," akasema. Papa Kambale alikuwa bado ameshika kifungo. Akafanya ishara ya msalaba, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu jana.

"Leo ni nini imebadilika?"

Mimi nikaangalia dari. Riziki akaangalia vidole vyake. Komanda akaniangalia mimi, kwa sababu ananijua. Na kwenye benchi, Mama Riziki akainuka, akaweka kikapu chini, akatengeneza kitambaa.

"Papa," akasema, kwa unyenyekevu wa mtu ambaye hataki sifa lakini kweli ni kweli, "ni mafuta yangu."

"Mafuta gani, Mama?"

"Mafuta ya ng'ombe. Nilikuja siku ile, nikasikia kyuma inalia, mutoto anateseka. Nikaipaka yote, mpaka ndani. Inakawiyaka kuingia, mafuta ya muzuri, lakini ikishaingia, ona." Akaonyesha skrini kwa mkono wote.

Komanda Ilunga aliinuka taratibu. Akaenda mezani, akauvuta usukani kwa mkono wake mzima, akaurudisha. Akainama kunusa fimbo, akasikia petroli. Akanitazama. Kisha akatazama umande kwenye kioo, na nikaona uso wake ukibadilika, anarudi kichwani kwenye asubuhi ya pili, anarudi kwenye ya kwanza. Akarudi kitini.

Papa Kambale, yeye hakuwa amenusa chochote. Alikuwa na furaha, na akiwa na furaha huwa mkarimu. "Mama," akasema, "basi lete na kopo lingine. Tupake na ndege."

"Hapana!" tukasema, Komanda, Riziki na mimi, kwa sauti moja.

Mama Riziki akatutazama mmoja mmoja. "Sasa munanikatalia mafuta?"

"Hatukatae, Mama," Riziki akasema haraka, akaenda kumshika mabega. Machozi yalikuwa yanamshuka na alikuwa anacheka. "Tutakula. Iko muzuri sana, haifae kwa kyuma."

Basi tukala. Mpishi akachemsha viazi, kopo likafunguliwa katikati ya meza, na ukweli ni kwamba yalikuwa mafuta bora niliyoonja Karuba. Komanda alikula, akaongeza, akala tena. Papa Kambale alikuwa ameshaanza kuongea kuhusu shule, na pasipoti, na kwamba binti anunuliwe koti. Komanda alipomaliza, alipangusa mikono, akavua kofia mbele ya mwanafunzi wake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu.

"Riziki," akasema, "zile asubui mbili za kwanza, naomba unisamehe."

Mama Riziki akageuka, mdomo umejaa kiazi. "Asubui gani?"

Riziki akamwongezea mafuta kwenye sahani.